Namna ya kulifumbua fumbo la chumba kilichofungwa, mkiwa barazani

Watu wawili wanatosha kuanza. Mmoja awe amekisoma kisa mpaka mwisho, wa pili awe hajakisikia kabisa. Wakiwa watano au sita ndiyo raha yenyewe, maana kila mtu huangalia kitu chake. Wakizidi kumi, mazungumzo huwa makelele.

Mimi ni fundi seremala. Kazi yangu kubwa ni milango, na karakana yangu iko mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja. Wenzangu barazani baada ya sala ya Isha ni maalim mstaafu, muuguzi, nahodha wa jahazi aliyekwisha kuiaga bahari, na vijana wa mtaani wanaokuja na kuondoka. Tunachokipenda ni aina moja ya hadithi za upelelezi: ile ambayo uhalifu wenyewe hauwezekani. Mtu kauawa chumbani, mlango umekomewa kwa ndani, madirisha yana nondo, na muuaji hayumo. Au mali imetoweka ghalani na kufuli haikuguswa. Swali la "nani?" lipo, lakini mbele yake limesimama swali kubwa zaidi: "vipi?"

Naandika namna tunavyofanya kwa sababu watu wengi huvisoma visa hivi peke yao, wakafika ukurasa wa mwisho, wakasema "aa, kumbe," wakakiweka kitabu. Nusu ya utamu imewapita. Hadithi hizi tangu zamani zilikuwa za kubishaniwa. Israel Zangwill alipokitoa kisa chake cha The Big Bow Mystery kidogo kidogo katika gazeti la The Star la London mwaka 1891, wasomaji walikuwa wakiliandikia gazeti kila mmoja na ufumbuzi wake, na kisa hakijesha. Mwaka 1905 Jacques Futrelle alipotoa The Problem of Cell 13 katika gazeti la Boston, gazeti liliweka zawadi kwa msomaji atakayefumbua. Barazani tunafanya lile lile, bila zawadi.

Cha kuanzia nacho

Kama hamjazoea, msianze na Wazungu. Anzeni na Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, aliyezaliwa mwaka 1918. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957 na 1958, ukachapwa mwaka 1960, na baadaye vikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vyenginevyo. Bwana Msa, mpelelezi wa vitabu hivyo, na kiko chake, na rafiki yake Najum pembeni akistaajabu, watakufundisheni kutazama. Visa vile si vya chumba kilichofungwa, lakini vina jambo moja ambalo nitalirejea, nalo ni namna hofu ya mzimu inavyowafumba watu macho wasione mkono wa mwanadamu.

Kisha ndio uje usimulizi. Vingi vya visa vyenyewe viko kwa Kiingereza, na barazani si kila mtu atakisoma Kiingereza cha karne iliyopita. Basi mmoja wenu, anayekiweza, akisome chote nyumbani, aje akisimulie kwa Kiswahili. Vya zamani, kama vya Edgar Allan Poe, Zangwill, Futrelle na Gaston Leroux, hakimiliki zake zimekwisha na vinapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Unashusha faili, unasoma kwenye simu. Sisi tulianza umeme ulipokatika Unguja nzima, tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Hapakuwa na televisheni, palikuwa na kandili na maalim mwenye kumbukumbu nzuri.

Kwa usiku wa kwanza wa usimulizi nakushaurini hicho cha Futrelle. Hakina damu, watoto wanaweza kukaa wakasikiliza. Profesa mmoja, Van Dusen, anabishana na rafiki zake kwamba akili haishindwi na kitu, na anakubali kufungiwa katika chumba cha jela cha watu waliohukumiwa kufa. Anaahidi kutoka ndani ya wiki moja. Anachoomba ni unga wa kusugulia meno, viatu vyake vipigwe rangi, na fedha kidogo. Msimulizi akifika hapo asimame, awaulize watu: mngeomba nini nyinyi?

Namna ya kusimulia

Msimulizi amebeba amana. Lazima atoe kila kidokezo alichokitoa mwandishi, na asiongeze chake. Kama kitabu kimesema kiti kilikuwa kimeanguka, aseme kiti kilikuwa kimeanguka, kwa sauti ile ile aliyosemea habari ya chai. Akikaza sauti penye kidokezo, kisa kimekufa. Akikiruka, amewadhulumu wenzake. Nimesikia wasimulizi wazuri sana wa ngano wakishindwa katika hili, kwa sababu ngano inataka uipambe, na fumbo linataka uliache na mifupa yake.

Chora ramani. Sisi tunachora kwa chaki juu ya kipande cha plaiwudi: mlango uko wapi, unafungukia ndani au nje, dirisha liko ukuta gani, kitanda, maiti, taa. Kando andika saa na nani alikuwa wapi. Bila ya ramani, watu watabishana saa nzima kumbe kila mmoja ana chumba chake kichwani.

Halafu simama kabla mpelelezi hajaanza kueleza. Ellery Queen, jina moja la waandishi wawili, tangu kitabu chao cha kwanza cha mwaka 1929, waliweka kabisa ukurasa wa kumwambia msomaji: sasa unavyo vidokezo vyote, jibu. Wasio na ukurasa huo, msimulizi autafute mwenyewe mahali pake. Hapo ndipo kahawa inapomiminwa na maswali yanapoanza.

Maswali

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo penyewe. Nitakupeni kisa nilichokitunga mwenyewe kwa ajili ya wanaoanza.

Ghala la karafuu, Pemba. Lina mlango mmoja, halina dirisha. Jioni mkulima kaleta karafuu zake kavu. Mizani imewekwa barazani, pembeni, na kutoka mizani mpaka mlango wa ghala unazunguka kona ya nyumba. Karani amekaa kwenye mizani na daftari. Gunia likipimwa anaandika kilo, na vijana wa mkulima wanalibeba kulipeleka. Mlinzi amesimama mlangoni mwa ghala. Daftari linasema magunia kumi. Mkulima analipwa, anakwenda zake. Mlango unafungwa kwa kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa karani, wa pili kwa mlinzi. Asubuhi wanafungua pamoja. Kufuli hazina mkwaruzo. Sakafu nzima, paa zima. Magunia ni tisa.

Kila ninapokisimulia, watu huanza na ufunguo. Kafua ufunguo wa bandia. Karani na mlinzi wamekula njama. Kuna mlango wa siri. Nawaachia, maana kila moja katika hayo ni dhana halali na lazima ijibiwe. Kisha, wakichoka, nawaambia waache mlango wawaulize mashahidi, na kila shahidi aulizwe mambo matatu: Hili umeliona mwenyewe, au umelidhani? Umeliona tangu saa ngapi mpaka saa ngapi? Na nani mwengine anayelisema isipokuwa wewe?

Usiku mmoja muuguzi wetu aliniambia, "Fundi, nisomee daftari lote." Nikamsomea: kilo 51, 49 na nusu, 52, 48 na robo, 48 na robo, 50, na mengine mpaka kumi. Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Mlinzi aliyahesabu magunia?" Nikajibu, hakuhesabu, aliyaona yakiingia. Akasema, "Basi halikuibwa gunia. Lilipimwa gunia moja mara mbili."

Ndivyo. Gunia la nne lilipokwisha kupimwa lilipita kona, na badala ya kuingia ghalani likazungushwa likarudi kwenye mizani kuwa la tano. Karani kaona mizani tu. Mlinzi kaona mlango tu. Hapana aliyeona njia nzima, na kila mmoja anaapa kwa haki. Ghala lilikuwa na magunia tisa tangu kufuli haijafungwa. Kilichoibwa ni bei ya gunia moja, na aliyeiba alikuwa amekwisha kwenda zake na fedha mfukoni.

Angalieni alivyofanya muuguzi. Hakuligusa swali la kufuli. Aliuliza ni nani anayesema kulikuwa na magunia kumi. Katika visa vizuri vya namna hii, kisichowezekana hujengwa kwa maneno ya mtu kabla hakijajengwa kwa mbao na chuma: aliyesema mlango ulikuwa umefungwa, aliyesema marehemu alikuwa hai saa tatu, aliyesema hapana aliyepita. G. K. Chesterton ana kisa kifupi cha mwaka 1911 kiitwacho The Invisible Man, ambamo watu wanne wamewekwa kulinda nyumba na wote wanne wanasema hapana mtu aliyeingia. Hawasemi uongo. Kisimulieni, kisha waulizeni watu wenu walipita njia gani kuja barazani na walionana na nani. Mtaona wangapi wamesahauliwa.

Na msimulizi asijibu asichoulizwa. Daftari silisomi lote mpaka niombwe. Sikulificha, liko pale, lakini kazi ya kuomba ni ya wasikilizaji.

Jini akitajwa

Atatajwa. Mwaka 1995 khofu ya popobawa, jini linalosemwa huwavamia watu usiku, ilipotoka Pemba ikaja Unguja, watu walilala nje kwa makundi, na wengi wa rika langu wanaikumbuka. Mtu akisema katika kisa hiki kuna jini, usimcheke na usimkatize. Khofu yake ni sehemu ya kisa. Waandishi hawa waliitaka khofu hiyo. John Dickson Carr, bingwa wao, kitabu chake The Hollow Man cha mwaka 1935 anakifungulia kwa mazungumzo juu ya wafu wanaotoka makaburini. Na Bwana Abdulla wetu aliyaweka mauaji mahali penye mzimu unaoogopwa, akijua msomaji wa Unguja atasoma usiku na mgongo wake ukutani.

Lakini mnakubaliana mapema. Ronald Knox, padri wa Kiingereza, aliandika mwaka 1929 kanuni kumi za hadithi za upelelezi, na mojawapo ni kwamba mambo ya mizimu na miujiza hayakubaliwi kuwa jibu. Nyengine inasema isizidi njia moja ya siri katika nyumba. Sisi tumezichukua hizo mbili. Imani ya mtu hatuigusi. Kwa usiku huo tu, mkosaji ni mwanadamu mwenye mikono miwili, na mlango ni mlango.

Nendeni mkaujaribu mlango

Hili ndilo ninaloliongeza mimi kwa ufundi wangu, na ndilo ninalowaombeni mlifanye. Katika sura ya 17 ya The Hollow Man, mpelelezi wa Carr, Dk. Gideon Fell, anasimamisha kisa kizima na kuwahutubia wenzake juu ya njia zote za kumuua mtu katika chumba kilichofungwa. Kuna ajali iliyofanana na mauaji. Kuna aliyesukumwa ajiue mwenyewe, au aliyejiua akafanya ionekane ameuawa. Kuna mtego uliotegwa chumbani kabla, na kuna aliyepigwa kutoka nje ikaonekana kama ndani. Kuna maiti aliyedhaniwa hai, na hai aliyedhaniwa maiti. Kisha anaingia kwenye mlango wenyewe: kuuzungusha ufunguo kwa nje kwa koleo na uzi, kuzifungua bawaba, kulivuta komeo kwa uzi, kuliegemeza komeo juu ya barafu ili literemke lenyewe baadaye, au kufunga kwa nje na kujifanya umeukuta ufunguo ndani.

Soma hayo, kisha simama mbele ya mlango wa kale wa Mji Mkongwe. Bawaba utazifungua wapi? Hazipo. Kila ubao wa mlango umesimama juu ya vigingi vyake, juu na chini, vinavyozunguka ndani ya matundu ya fremu. Hakuna skrubu ya bisibisi. Uzi utaupitisha wapi? Mbao mbili zinapokutana, mwanya umefunikwa na mfaa, ule ubao wa kati, na chini kuna kizingiti kilichonyanyuka. Nimejaribu kwa mshipi wa kuvulia, mwembamba na wenye nguvu, kuvuta komeo la ndani nikiwa nje. Kwenye mlango wa kale mshipi unabanwa na mfaa. Kwenye milango ya plaiwudi tunayotia siku hizi, yenye mwanya wa kupita kidole chini, linawezekana, na mshipi unaacha mchubuko kwenye rangi ya ukingo. Mchubuko huo ni kidokezo. Koleo nayo inafaa kwenye kitasa cha zamani chenye tundu linalopenya upande wa pili. Kwenye kitasa cha silinda ncha ya ufunguo haifikiki.

Barafu jaribuni wenyewe kwa bonge la mkono. Kwa joto letu haikai, na inaacha maji sakafuni. Kwa hiyo kila kisa chenye mlango uliojifunga, swali la kuuliza ni sakafu ilikuwaje, na nani aliyesema ule unyevu ni wa mvua.

Nyumba zetu zina mengine ambayo waandishi wa London hawakuyajua. Vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake unafuata urefu wa boriti ya mkoko. Aliyesimama mlangoni haoni pembe zote. Kuta ni nene, zina madaka ya kuwekea vitu. Sauti ya ua wa ndani inapanda juu ghorofani kuliko inavyotoka njiani. Mjapani Seishi Yokomizo aliona jambo kama hili kwao. Nyumba ya Kijapani ina milango ya karatasi ya kusukuma, na watu walidhani humo fumbo la chumba kilichofungwa haliwezi kuwekwa. Mwaka 1946 akaliweka, katika nyumba ya kijijini Okayama, kwa vitu vya nyumba ile ile. Sioni kwa nini kijana wa Kikwajuni au wa Mkoani asitunge la kwetu.

Na theluji? Waandishi hawa wanapenda maiti iliyolala katikati ya theluji isiyo na nyayo. Msimulizi anaweza kuieleza theluji kama ilivyo, lakini katika kutunga tuna kitu bora zaidi: pwani. Nahodha wetu ndiye aliyenifungua macho. Maji yakipwa, mchanga unaachwa laini na nyayo zote zinaonekana, na saa sita baadaye maji yamejaa na ushahidi umekwenda. Wakati wa bamvua maji yanatoka mbali sana, wakati wa maji mafu hayasogei hivyo. Shahidi akisema "nilitembea mpaka kwenye ngarawa saa kumi jioni," nahodha anauliza mwezi ulikuwa siku ya ngapi. Amewahi kukivunja kisa chetu kizima kwa swali hilo moja, na tukakitengeneza upya kikawa bora.

Adabu ya siri

Aliyekwisha kukijua kisa aseme mapema, akae msaidizi wa msimulizi. Asitabasamu mtu anapokaribia. Simu ziwekwe mfukoni. Kabla ya ufumbuzi, kila mtu aandike dhana yake kwenye kipande cha karatasi, mistari miwili mitatu: nani, vipi, na kidokezo gani kimemwongoza. Karatasi zisomwe kwa sauti kabla msimulizi hajafunua. Dhana yenye kidokezo ni bora kuliko jina lililobahatishwa likawa kweli, na sisi tunampa heshima aliyekosea kwa hoja kabla ya aliyepatia kwa bahati. Huwa tunakuta dhana ya mtu ni nzuri kuliko ya mwandishi, na maalim amezihifadhi karatasi hizo katika bahasha.

Ufumbuzi usitajwe mbele ya asiyesikia, hata miaka ikipita. Mtu akikuuliza "yule muuaji ni nani?", mwambie aje barazani.

Baada ya hapo

Mkishamaliza Futrelle na Chesterton, nendeni kwa Poe, The Murders in the Rue Morgue cha mwaka 1841, ambacho wengi wanakihesabu kuwa mwanzo wa mambo haya yote. Ufumbuzi wake mimi haunikinaishi sana, lakini namna mpelelezi wake, Dupin, anavyolishughulikia dirisha inafaa kusimuliwa polepole. Kisha Leroux, Le Mystère de la chambre jaune cha mwaka 1907: binti amejifungia chumbani, baba yake na mtumishi wako chumba cha pili, wanasikia ukelele na bastola, wanauvunja mlango, wanamkuta amejeruhiwa na yuko peke yake. Anayelifumbua ni Rouletabille, mwandishi wa gazeti wa miaka 18. Kisa ni kirefu, kigaweni kwa usiku kadhaa, na kila usiku ramani ya plaiwudi irejeshwe mahali pake kabla ya neno la kwanza.

The Hollow Man kiwekeni mwisho. Mwaka 1981 waandishi na wahakiki walipoulizwa ni kisa gani bora cha aina hii, walikitanguliza hicho, na mimi nakubaliana nao. Kina chumba kilichofungwa na kina theluji isiyo na nyayo, vyote viwili, basi chukueni mbao mbili za kuchorea. Lakini lazima kabla yake muwe mmekwisha kukisimulia kile cha Zangwill, maana Dk. Fell katika ile hotuba ya sura ya 17 anamtaja Zangwill pamoja na hila yake, bila ya kumwonea huruma asiyekisoma. Msimulizi atakayeifikia sura hiyo aulize kwanza nani alikosa usiku wa Zangwill. Akiwapo hata mmoja, usiku huo simulieni Zangwill tena, na Fell angoje.